Jinsi ADHD inavyochunguzwa na kuthibitishwa kwa mtoto na kwa mtu mzima: mwongozo kamili

Wazazi wengi wanaofika kliniki kwa mara ya kwanza huomba mtoto apigwe picha ya kichwa. Wanaamini kuna mashine itakayosema ana ADHD au hana. Mashine hiyo haipo. Hakuna kipimo cha damu, picha ya CT au MRI, wala EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) kinachothibitisha tatizo hili la umakini na utulivu, na anayekuuzia kipimo cha namna hiyo anakupotezea fedha. Jibu hupatikana kwa historia: maisha ya mtoto yamekuwaje tangu akiwa mdogo, nyumbani na shuleni, kisha mtaalamu anayapima maelezo hayo kwa vigezo vinavyojulikana na kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwako kabla hujafika hospitali, na mwongozo huu umeandikwa kukusaidia kuifanya kazi hiyo vizuri.

Vigezo vyenyewe

Wataalamu hutumia vitabu viwili. Kimoja ni DSM-5 cha chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, kilichotoka 2013 na kufanyiwa marekebisho 2022. Kingine ni ICD-11 cha Shirika la Afya Duniani, kilichoanza kutumika rasmi Januari 2022. Vinakaribiana sana. Nitafuata DSM-5 kwa sababu inataja idadi.

Dalili ni 18, makundi mawili ya tisa tisa. Kundi la kukosa umakini: mtoto hukosea kwa kutoangalia vizuri, hushindwa kudumu kwenye jambo moja, huonekana kama hasikii anaposemeshwa, huacha kazi njiani, hushindwa kupanga mambo yake, hukwepa kazi za kufikiri kwa muda mrefu, hupoteza vitu, huvutwa na kila kinachopita, na husahau mambo ya kila siku. Kundi la kutotulia na kufanya mambo bila kusubiri: huchezesha mikono na miguu, huinuka panapotakiwa kukaa, hukimbia na kupandapanda pasipo mahali pake, hawezi kucheza kimya, yuko mbioni muda wote, huongea kupita kiasi, hujibu kabla swali halijaisha, hushindwa kungoja zamu, na hudakia mazungumzo ya wenzake.

Mtoto anahitaji dalili sita au zaidi katika kundi mojawapo. Kuanzia miaka 17, tano zinatosha. Lakini idadi peke yake haithibitishi kitu. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi sita, ziwe kubwa kuliko umri wake unavyoruhusu, baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, ziwe zinaharibu masomo, kazi au mahusiano, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaozieleza vizuri zaidi. Kila moja ya masharti haya ina uzito. Mtoto anayesumbua shuleni tu huku nyumbani na madrasa ametulia, tatizo lake huenda liko shuleni: anaonewa na wenzake, haoni ubao, au anaogopa fimbo.

Mtoto mwenye dalili za kundi la kwanza tu naye anaweza kuwa na ADHD. Huyu hasumbui mtu. Amekaa dirishani, kimya, akili iko mbali, na ripoti yake kila muhula inasema "ana uwezo ila hajitumi". Wasichana wengi wako hapa, na ndiyo sababu kubwa inayofanya wavulana waonekane wengi zaidi kwenye takwimu za watoto, ilhali kwa watu wazima tofauti hiyo hupungua sana. Kama una binti wa namna hii, usikubali kuambiwa kwamba hawezi kuwa na ADHD kwa kuwa si mtukutu.

Hatua ya kwanza: andika unachokiona

Kwa wiki mbili hivi, andika. Usiandike hukumu, andika tukio. "Ni mvivu wa kusoma" haimsaidii daktari. Hii inamsaidia: "Jumanne, saa 12 jioni, hesabu maswali kumi. Alifanya mawili, akainuka kunywa maji, akarudi akachora pembeni ya ukurasa, akauliza kuhusu mpira, nikamrudisha mara tano. Tulimaliza saa moja na nusu baadaye. Aliyoyafanya yote yalikuwa sahihi." Maelezo hayo mafupi yana mambo matatu ambayo daktari angetumia nusu saa kuyatafuta: mtoto anaelewa somo, anashindwa kudumu, na hawezi kumaliza bila mtu mzima pembeni yake.

Andika pia pale anapotulia. Wazazi wengi huficha hili wakidhani litaharibu hoja yao, na ndugu nao husema, "Mbona katuni anaangalia saa mbili bila kutikisika?" Mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama kwenye kinachomvutia. Shida yake ni kuuelekeza umakini kwenye kisichomvutia na kuushikilia hapo. Katuni haziondoi ADHD.

Kisha kusanya nyaraka:

- kadi ya kliniki ya mtoto na taarifa za kuzaliwa kwake: alizaliwa njiti, alichelewa kulia, uzito ulikuwa kilo ngapi
- ripoti za shule za miaka yote unayoweza kuzipata, hasa maoni ya mwalimu wa darasa
- madaftari mawili au matatu, yale mabaya
- majina ya dawa anazotumia au aliyowahi kutumia
- historia ya ukoo: nani mwingine alikuwa hivi, nani ana kifafa, ugonjwa wa akili au tatizo la moyo

Ukoo ni muhimu kwa sababu ADHD hurithiwa kwa kiwango kikubwa. Si ajabu baba aliyemleta mwanawe akajikuta anajibu maswali yanayomhusu yeye mwenyewe.

Kuhusu madaftari, mtaalamu mzoefu huyafungua kabla ya kuuliza lolote. Anaangalia kama mwandiko unaanza safi na kuchakaa kadiri ukurasa unavyoshuka, kama kuna sentensi zilizokatika katikati, kama maswali rahisi yamerukwa na magumu yamepatiwa. Daftari ambalo kila kitu kimekosewa kwa namna ileile linasema jambo jingine: huenda mtoto hajui kusoma, na hilo lina uchunguzi wake.

Hatua ya pili: pata neno la mwalimu, na la mtu mwingine

Sharti la mazingira mawili maana yake ni kwamba maelezo yako peke yako hayatoshi. Mwalimu wa darasa ndiye shahidi wa kwanza. Tuseme ukweli lakini: mwalimu mwenye wanafunzi 90 chumba kimoja hamjui kila mmoja kwa undani. Mfuate kwa heshima na umuulize mambo mahususi. Anamaliza kunakili ubaoni wenzake wanapomaliza? Anapoulizwa swali bila kutajwa jina, anadakia? Huinuka mara ngapi kipindi kimoja? Penseli zake hudumu?

Kama mwalimu hawezi kusaidia, tafuta mwalimu wa tuisheni, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa Sunday school, au bibi anayekaa naye likizo. Hawa mara nyingi humwona mtoto kwa karibu kuliko shule.

Angalia pia umri wake ukilinganisha na darasa. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wenzao darasani hupewa jina la ADHD mara nyingi zaidi, kwa sababu tu wanapimwa kwa utulivu wa watoto waliowazidi karibu mwaka mzima. Mtoto aliyeingizwa darasa la kwanza na miaka mitano "kwa kuwa ana akili" anastahili kupimwa kama mtoto wa miaka mitano.

Hatua ya tatu: kwa nani uende

Anayeweza kuthibitisha ni daktari wa magonjwa ya akili, daktari bingwa wa watoto mwenye uzoefu wa ukuaji na tabia, au mwanasaikolojia tiba aliyefunzwa kazi hiyo. Mwalimu anaweza kushuku, hawezi kuthibitisha. Daktari wa kawaida anaweza kuanza uchunguzi na kukupa rufaa. Kwa Tanzania, idara za afya ya akili zipo Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, Dodoma kuna Mirembe, na Unguja kuna Kidongo Chekundu. Kenya kuna Mathari Nairobi na hospitali ya rufaa ya Moi Eldoret; Uganda kuna Butabika. Kenya pia ina vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanzishwa 1984. Vituo hivyo hupima mahitaji ya mtoto katika kujifunza, na ripoti yao ni nyongeza nzuri, ila haichukui nafasi ya ya daktari.

Najua majina kama Mirembe na Mathari huwatisha watu. Familia huona haya kuonekana kwenye foleni ile. Mtoto anayechapwa kila wiki kwa kosa asiloweza kulizuia anaumia kuliko jina la hospitali litakavyoiumiza familia. Nenda.

Kwa watoto wadogo sana, subiri kidogo. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2019 unaanzia miaka minne, na kwa umri wa miaka minne na mitano unataka wazazi wafundishwe kwanza mbinu za malezi kabla ya kufikiria dawa. Mtoto wa miaka miwili anayepanda meza anafanya kazi ya umri wake.

Hatua ya nne: mahojiano na madodoso

Siku ya miadi, tegemea maswali mengi. Ujauzito, uzazi, alitembea lini, alisema lini, analalaje, anakulaje, nyumbani mnaishi wangapi, kuna ugomvi, msiba, kuhama, nani anamlea. Jibu kwa ukweli, hata yanayouma. Mtoto aliyeona mama akipigwa, au aliyefanyiwa ukatili, huwa mwenye hofu ya kudumu, hashikiki, hasikii, hulala vibaya, na kwa nje hufanana sana na mwenye ADHD. Ukilificha hili, daktari atatibu kitu kingine.

Usishangae mtoto akitulia kabisa chumbani kwa daktari. Mahali pageni, mtu mgeni, uangalizi wa mmoja kwa mmoja: wengi hutulia. Daktari anayesema "mbona ametulia, hana kitu" baada ya dakika kumi hajafanya tathmini. Mwombe kwa adabu asome ulichoandika.

Kisha utapewa dodoso. Linalotumika sana kwa umri wa miaka 6 hadi 12 ni Vanderbilt. Lina fomu ya mzazi yenye maswali 55 na ya mwalimu yenye 43, na halilipiwi. Kila dalili hupewa alama kuanzia 0, kamwe, hadi 3, mara nyingi sana. Alama 2 au 3 huhesabiwa kuwa dalili ipo. Maswali tisa ya kwanza ni ya umakini, tisa yanayofuata ni ya kutotulia, kisha yanakuja ya ukaidi, tabia mbaya, wasiwasi na huzuni, na mwisho kuna ya maendeleo ya masomo na mahusiano. Watu hujaza hizo 18 za mwanzo na kuchoka. Maliza yote, kwa sababu sehemu ya mwisho ndiyo inayoonyesha kama maisha yanaharibika, na bila hilo hakuna ADHD. Madodoso mengine utakayokutana nayo ni SNAP-IV na Conners.

Unapojaza, mlinganishe na watoto wa rika lake, si na dada yake mkubwa aliyekuwa mpole. Kama lugha ya fomu inakusumbua, omba usomewe na kuelezwa swali kwa swali. Na baba na mama mjaze kila mmoja yake. Mkitofautiana, tofauti hiyo nayo ni taarifa.

Dodoso ni chujio. Alama kubwa zinasema mtoto aangaliwe kwa kina. Hazisemi ana ADHD.

Hatua ya tano: kuondoa yanayofanana nayo

Hapa ndipo uchunguzi mwingi hukosea kwa haraka, na hapa ndipo vipimo vina kazi yake.

Anza na masikio na macho. Mtoto anayetokwa usaha masikioni kila msimu wa mafua anaweza kuwa hasikii vizuri, na asiyesikia haonekani kiziwi, anaonekana mkaidi. Asiyeona ubao huangalia kwingine. Vipimo hivi viwili ni rahisi na vifanyike kwa kila mtoto.

Usingizi. Uliza nyumbani: anakoroma? Analala mdomo wazi? Usiku anakatiza pumzi kisha anashtuka? Nyama za pua na mafindofindo makubwa humnyima mtoto usingizi mzuri, na mtoto mwenye usingizi hasinzii kama mtu mzima, hupagawa. Kuna watoto waliotulia baada ya kutibiwa nyama za pua tu.

Damu. Upungufu wa damu na wa madini ya chuma hudhoofisha umakini, na ni wa kawaida sana kwetu. Tezi ya thairoidi hupimwa kukiwa na dalili zake. Madini ya risasi hupimwa kwa mtoto anayeishi karibu na mahali wanapoyeyusha betri au kuchimba madini. Mwenye selimundu anahitaji umakini wa pekee: anaweza kupata viharusi vidogo visivyoonekana kwa nje lakini vinavyoathiri umakini na masomo. Vivyo hivyo aliyewahi kuugua malaria kali ya kichwa akapoteza fahamu, au aliyepata homa ya uti wa mgongo. Kwa hawa swali la "ilianza lini" ndilo lenye uzito: alikuwa hivi kabla ya kuugua, au alibadilika baada ya kutoka hospitali?

Kifafa cha kimya. Kipo cha kuanguka na kutoa povu, ambacho kila mtu anakijua, na kipo ambacho mtoto hukodoa macho sekunde chache tu. Anasema sentensi, anakatika katikati, kope zinachezacheza, umemgusa bega hajatambua, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mara nyingi kwa siku. Mwalimu anaandika "anaota mchana". Tofauti ni hii: mwenye ADHD ukimgusa au kumwita kwa nguvu anarudi, mwenye kifafa hiki harudi mpaka kipite chenyewe. Ukiona hivyo mrekodi kwa simu. Daktari anaweza kumwambia avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika kadhaa ili kuona kama itatokea, na hapo EEG ni kipimo sahihi.

Yanabaki ya akili na ya kujifunza: ulemavu wa kujifunza kusoma, ulemavu wa akili, usonji (autism), wasiwasi uliopitiliza, sonona (ugonjwa wa huzuni ya kudumu). Haya yanaweza kufanana na ADHD, na yanaweza kuwa pamoja nayo. Watoto wengi wenye ADHD wana angalau jambo moja jingine. Zamani vigezo vilikataza kuandika usonji na ADHD kwa mtoto mmoja. Tangu 2013 DSM-5 inaruhusu. Kwa hiyo ukiambiwa "ana usonji, basi hiyo ndiyo sababu ya kila kitu", uliza kama ADHD nayo imeangaliwa.

Kwa mtu mzima

ADHD haianzi ukubwani. Mtu mzima anayechunguzwa anatakiwa kuonyesha kwamba dalili zilikuwepo kabla ya miaka 12, hata kama hakuna aliyeziita jina. Kama ulikuwa mtulivu na makini mpaka miaka 30, kisha akili ikaanza kutawanyika baada ya msiba, talaka au kujifungua, tafuta kwanza sonona, wasiwasi, thairoidi, usingizi, pombe, bangi au mirungi.

Wengi hufichwa na ratiba ya wengine. Shule ya bweni ina kengele ya kuamka, kengele ya prepu, mwalimu wa zamu na foleni ya chakula. Mtu anafaulu kidato cha sita vizuri, anafika chuo ambako hakuna anayemuamsha, na ndani ya mwaka mmoja ana masomo ya kurudia. Kwa mtaalamu hadithi hii ni ya maana sana, isimulie yote.

Kwa mtu mzima kukimbia na kupanda hugeuka kuwa kutotulia kwa ndani: huwezi kukaa kikao kizima, unakatiza watu, unanunua kabla ya kuwaza. Andaa ushahidi wa maisha: kazi ulizoacha na sababu zake, faini za kuchelewesha malipo, luku inayokatika fedha ikiwepo kwenye simu, ajali za barabarani, miradi iliyoanza kwa moto na kuishia kwenye daftari, malalamiko ya mwenzi wako kwa maneno yake mwenyewe.

Kisha tafuta shahidi wa utoto. Mama ni bora. Shangazi, kaka mkubwa au jirani wa zamani anafaa. Usimuulize "nilikuwa na ADHD?" Muulize ulikuwaje ukitumwa dukani: ulirudi na nini, baada ya muda gani, chenji ilikuwepo? Ripoti za shule ya msingi, zikipatikana, ni dhahabu.

Dodoso la watu wazima ni ASRS, lililoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 18, na sita ya kwanza ndiyo chujio: ukifikia kiwango katika manne au zaidi, endelea na uchunguzi. Usiishie hapo. Sonona na uchovu mkubwa navyo huweza kupandisha alama. Mtaalamu anayefanya kazi kwa kina atakufanyia mahojiano yaliyopangwa, kama DIVA-5, yanayopitia kila dalili mara mbili, utotoni na sasa, na kuomba mfano halisi kila mara.

Daktari pia ataangalia kama kuna vipindi ambavyo unalala saa chache bila kuchoka, unaongea haraka na kutumia fedha ovyo kwa siku kadhaa, kisha vinaisha. Hilo linaelekea kwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. ADHD haiji na kuondoka hivyo, ipo siku zote. Na ukiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri miadi ya ADHD. Nenda idara ya dharura leo, au mwambie mtu akupeleke.

Ukipewa jibu

Omba liandikwe. Ripoti nzuri inataja aina ya ADHD, ukali wake, dalili zipi zimeonekana wapi, vyanzo vya taarifa, nini kimeondolewa na kwa kipimo gani, na nini kingine kipo pamoja. Karatasi yenye neno "ADHD" na jina la dawa tu haitoshi kwa shule wala kwa daktari mwingine.

Usikubali njia ya "tujaribu dawa, akitulia basi anayo". Judith Rapoport na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 1978 matokeo ya kuwapa dawa ya kusisimua ubongo wavulana wasio na tatizo lolote, na wao pia walitulia na umakini wao ukaongezeka. Kutulia kwa dawa si uthibitisho. Na kabla ya dawa za aina hiyo kuanza, mtoto au mtu mzima apimwe shinikizo la damu, mapigo ya moyo, uzito, na kwa mtoto urefu, na daktari aulize kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Jibu likiwa "hapana" na shida bado ipo, usiondoke hapo. Uliza daktari anadhani ni nini, nani atakayelifuatilia, na urudi lini. Ukiwa na shaka na jibu lolote, la ndiyo au la hapana, omba nakala za madodoso, majibu ya masikio, macho na damu, na yale maelezo yako ya wiki mbili, uyapeleke yote kwa mtaalamu wa pili ili asianze upya.